Kisanduku cha Sarafu Kumi na Mbili

Nilikuwa nimefika kwenye sarafu ya tisa. Nane zilikuwa zimeshalala juu ya taulo jeupe, nimeziosha kwa magadi na maji ya vuguvugu, nimezikausha, nimezisugua kwa kipande cha ngozi laini. Ya tisa ilinisumbua. Ilikuwa na nta ya kanisani iliyoganda ukingoni, huenda tangu harusi ya mwenye kisanduku, na nta ya namna hiyo haitolewi kwa kisu. Nilikuwa naitoa kwa kijiti cha kuchokolea meno, kidogo kidogo.

"Unaipapasa kama mtoto mwenye homa," mama yangu akasema kutoka uani.

"Ni ya zamani, mama. Ukiiharakisha inachubuka."

"Mwenyewe hata asante hatakupa."

"Atalipa, inatosha."

"Haya. Zikipungua tu, usiniite mimi."

Alisema hivyo bila kugeuka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akikwangua miiba ya majani ya dungusi ya chakula cha mchana, mgongo kanipa. Kisanduku kile kilikuwa na siku kumi na moja ndani ya nyumba yetu, na mama yangu alikuwa hajakitupia jicho hata mara moja.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, niseme kwa kifupi. Naitwa Casilda. Nina miaka thelathini na minane, nami ni sonara hapa Taxco, mji ambao ukitega sikio asubuhi unasikia nyundo kila kibaraza. Sikufundishwa na mtu. Nilitazama madirishani kwa watu, nikarudi nyumbani kujaribu, nikaharibu, nikajaribu tena. Nimeshawasimulia jinsi baba alivyobaki mgodini, na jinsi paa la karakana yangu ya kwanza lilivyoshuka na mvua. Nimewasimulia pia habari za Leandro Olascoaga, mtoto wa nyumba ambayo mama yangu alikuwa akifua nguo. Alipanda basi la Monterrey akaniachia ahadi ya miaka mitatu. Imekuwa kumi na tisa. Barua zilikuja nne.

Mara ya mwisho niliishia pale mama yake, Doña Remigia, alipobisha hodi akiwa na kisanduku cha mbao mkononi. Leandro amerudi. Anaoa Jumamosi, bibi harusi anatoka Puebla. Na arras za familia, zile sarafu kumi na tatu ambazo bwana harusi humiminia bibi harusi viganjani mbele ya padre, zimebaki kumi na mbili. Alitaka nitengeneze ya kumi na tatu ifanane na zile nyingine.

Niliikubali kazi. Sikumwambia kwamba ya kumi na tatu ninayo.

Hili sijapata kulisema, wala kuliandika.

Kwenye droo ya tupa, nyuma kabisa, kuna kiberiti kimefungwa kwa uzi. Ndani yake mna sarafu ndogo ya fedha, upande mmoja komamanga lililopasuka, upande wa pili herufi mbili zimekumbatiana. Leandro alinipa nyuma ya tangi la maji la nyumbani kwao, sote tukiwa na miaka kumi na tisa.

"Hii ni ya kwanza," aliniambia. "Kumi na mbili zilizobaki nitakupa kanisani. Usimwonyeshe mtu mpaka siku hiyo. Apa."

Nikaapa.

Wiki mbili baadaye Doña Remigia alifungua kisanduku, akahesabu, akamwita mfuaji wake. Mfuaji ndiye mama yangu.

Hakumpeleka polisi. Alimtoa nje saa sita mchana, wakati watu wanatoka sokoni, akamrushia kapu lake barabarani na kumwita mwizi kwa jina lake kamili: Jacinta Berrueco. Tangu siku ile hakuna nyumba ya maana iliyompa nguo afue. Kanisani wanawake walihamisha mikoba yao kutoka upande aliokaa.

Nami nilikuwa na ile sarafu, nikanyamaza.

Nilijiambia kwamba Leandro atarudi, tutafunga ndoa, sarafu itaungana na zile nyingine, na kila mtu ataelewa. Nikisema sasa, niliwaza, wataniita mimi mwizi, au wataniita msichana wa mitego, na ndoa haitakuwapo. Nilimweka mama yangu rehani kwa ajili ya ndoa ambayo haikuja.

Basi, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo Alhamisi ile.

Kinyume na wanavyodhani wengi, huwezi kuchukua sarafu, ukaikandamiza kwenye mchanga, ukamimina fedha, ukapata pacha wake. Fedha ikipoa husinyaa. Pacha hutoka mdogo kwa unene wa unywele, na Doña Remigia ni mtu wa kuzipanga juu ya meza na kuinama. Kwa hiyo nilikuwa nimekata kisahani, nimekigandisha kwenye lami inayoshikilia kazi isicheze, na upande wa herufi nilikuwa nimeumaliza kwa mkono. Ulibaki upande wa komamanga.

Mtaniuliza kwa nini nilijitesa, wakati yenyewe ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Nimejiuliza sana. Wakati mwingine nadhani sikutaka kulipwa kwa kitu kilichomla mama yangu. Wakati mwingine nadhani sikutaka tu kuiachia. Sina hakika ni lipi.

Saa nne hivi, Doña Remigia akaingia bila kubisha. Nyuma yake alikuwapo msichana mrefu mwenye kofia ya jua, anatembea kwa uangalifu juu ya mawe yetu kama mgeni yeyote.

"Huyu ni Noelia," Doña Remigia akasema. "Ametaka kuziona. Nimemwambia hapa pana vumbi, hakusikia."

"Shikamoo, dada Casilda," msichana akasema. "Kila mtu mjini anasema una mkono wa fundi."

"Mkono anao," Doña Remigia akajibu badala yangu. "Kwao wote wana mikono myepesi."

Kisu cha mama kikasimama huko uani. Kisha kikaendelea.

Doña Remigia akazipanga sarafu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Alipofika mwisho akarudia tena, kwa sauti, akielekeza uso uani.

"Kumi na mbili. Nimeleta kumi na mbili, naona kumi na mbili. Safari hii ni afadhali."

"Ukitaka nikusaidie kuhesabu, doña, niambie," mama akasema bila kugeuka. "Macho yako nayajua. Nimekufulia foronya miaka kumi na minne, ulikuwa unahesabu sita zinatoka saba."

Noelia akainamisha uso kuficha kicheko. Doña Remigia hakucheka.

"Dada," Noelia akaniambia haraka haraka, "naomba nijaribu. Naogopa nitaziangusha. Shangazi yangu aliangusha mbili, mpaka leo wakigombana na mumewe watu wanamkumbusha."

"Nikuonyeshe kwa mikono yangu kwanza," nikasema. "Tazama. Wa kushoto chini, wa kulia juu yake, vidole vibane. Usizisogelee. Ziache zikujie."

Akakaa sawa. Nikazichukua zile kumi na mbili, nikazimimina polepole kutoka juu kidogo, zikashuka zikilia.

Mama yangu alisimama, akaweka kisu juu ya kigoda, akatoka kwa mlango wa uani kwenda mtaani. Amekuwa hivyo miaka yote. Harusi ikifika pa kumimina sarafu, yeye hutoka kanisani, akasimama nje mpaka mlio uishe.

"Yule mama ana nini?" Noelia akauliza.

"Muulize ya kumi na tatu iko wapi," Doña Remigia akasema. "Ukipata jibu, utajua ana nini."

"Leandro aliniambia ilipotea."

"Vitu havipotei, binti yangu. Vinabebwa."

Noelia akafumba viganja vyake juu ya zile sarafu kama mtu aliyeona baridi. Akanitazama mimi. Nadhani alitaka nikanushe. Mtoto yeyote angekanusha, hata mtoto asiyejua chochote, angesema tu mama yangu si mwizi.

Mimi nilizipokea sarafu kutoka viganjani mwake, nikachukua ngozi nikaendelea kusugua ya tisa, ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Walipoondoka, mama alirudi, akaketi, akashika kisu chake. Hakuniuliza wamesema nini. Tulikula majani ya dungusi na maharage, akanisimulia habari ya punda wa jirani aliyekula maua ya altare, tukacheka. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hii. Tulikuwa tunacheka sana, mama na mimi. Hilo nalo nataka lijulikane.

Baada ya chakula alijilaza. Nikawasha taa ya meza, nikaanza kuchora komamanga kwa penseli juu ya kisahani. Kivuli kikasimama mlangoni.

"Casi."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Leandro ameota kitambi kidogo na mvi masikioni. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimemtungia maneno ya kuniambia siku hiyo, na mimi nikajitungia ya kumjibu. Nilikuwa nayo mengi, nimeyapanga vizuri.

"Ingia," nikasema. "Usikanyage tupa."

Akaingia. Akatazama taulo, akatazama kisahani.

"Unaichonga kwa mkono?"

"Ndiyo."

"Kwani ile huna?"

Hayo ndiyo yalikuwa maswali yake ya kwanza. Hakuniuliza hujambo, wala umeishije.

"Ninayo," nikasema.

Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Ah, Mungu mkubwa. Nilijua tu wewe huwezi kuiuza. Sasa hangaiko la nini? Itie kwenye kisanduku, sema umeitengeneza wewe. Mama anakulipa, wewe unapumzika, sarafu zinakuwa kumi na tatu za kweli. Hakuna atakayejua."

"Na mama yangu?"

"Mama yako anaingiaje?"

"Leandro. Anaitwa mwizi."

Akaizungusha kofia. "Hayo ni ya zamani, Casi. Nani anakumbuka?"

"Asubuhi ya leo mama yako amekumbuka, mbele ya mchumba wako."

Nikamwona anatafuta pa kuweka macho, na kila alipoyaweka palikuwa na sarafu.

"Nilimwambia," akasema.

"Nani?"

"Mama. Nilimwambia ni mimi niliyeichukua. Siku ileile aliyomfukuza mama yako. Nilimkuta chumbani kwake jioni, nikamwambia nimekupa wewe, na kwamba nitakuoa."

Nilikuwa nimeshika penseli. Naikumbuka kwa sababu niliiweka chini sawasawa na ukingo wa meza, nikaisogeza mpaka ikanyooka.

"Akasema nini?"

"Usinifanye nirudie."

"Akasema nini, Leandro?"

"Alisema bora mfuaji mwizi kuliko mkwe mtoto wa mfuaji." Aliyatoa maneno hayo akiwa ameinama. "Akasema nikiondoka kesho yake, hatakwenda polisi. Nikibaki, atakwenda, na askari watapekua kwenu wakute sarafu chini ya godoro lako. Tiketi ya basi aliinunua yeye."

"Nawe ukapanda."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Casi!"

"Na mimi pia."

Jirani alikuwa anagonga sinia, tak, tak, tak, halafu anapumzika, halafu anaanza tena. Ningependa kuwaambia kwamba nilimchukia. Nilimtazama nikaona mtu mzima aliyechoka, anayetaka Jumamosi ipite salama. Ubaya mkubwa sikuuona. Alikuwa mtu wa kuacha mambo yajimalize, na mimi nilikuwa wa namna hiyohiyo. Labda ndiyo maana tulipendana.

"Nionyeshe," akasema.

Nikavuta droo, nikafungua uzi. Akaiweka kiganjani, akaisogeza kwenye taa.

"Nilidhani ni kubwa zaidi," akasema.

Akairudisha juu ya meza, karibu na zile kumi na mbili, lakini si pamoja nazo.

"Noelia hana kosa lolote. Nakuomba kwa ajili yake, si yangu. Kesho nitapita kuchukua kisanduku."

"Uliwahi hata siku moja ku..." nikaanza, nikaacha. Nilitaka kumuuliza kama alikuwa na nia ya kurudi hata siku moja. Lakini alikuwa ameshavaa kofia.

"Wewe ni mtu mzuri sana, Casi," akasema mlangoni.

Nilisikia viatu vyake vikipanda mawe, mpaka sinia la jirani likavifunika.

"Kwa hiyo alikupa."

Mama yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, nywele zimefunguka, mkono mmoja umeshika ukuta. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Kutokana na uso wake, tangu mwanzo.

"Mama..."

"Alikupa kwa mkono wake."

"Ndiyo."

"Hukuiba."

Sikuelewa. "Kuiba? Mimi? Mama, unasema nini?"

Akaja taratibu mpaka kwenye meza, akavuta kiti, akaketi. Kwa mara ya kwanza alizitazama zile sarafu.

"Niliiona," akasema. "Kiberiti, chini ya godoro lako. Nilikuwa nageuza majani ya godoro, kikaanguka. Mara ngapi nimekifuta vumbi kisanduku kile? Hata gizani ningeitambua. Nikairudisha palepale. Nikasema Jumatatu nitaichukua wewe ukiwa sokoni, niirudishe kimya kimya, hakuna atakayejua. Doña Remigia akafungua kisanduku Jumamosi."

"Ulijua?"

"Aliponiita, nikasema moyoni, ametaka kitu kizuri. Hajawahi kuwa na kitu kizuri, ameona, amechukua. Ni mtoto. Nikasema wakienda kwangu watamkuta nayo. Wakimaliza na mimi, hawatakwenda." Akagusa ukingo wa taulo, akaunyoosha. "Nikainamisha kichwa. Ukiinamisha kichwa watu wanaamini upesi."

Niliisogeza taa ya meza mbali na uso wake.

"Miaka kumi na tisa, Casilda, nimekuombea msamaha kwa Mungu kwa jambo ambalo hukulifanya. Kila Ijumaa. Padre alikuwa ananiuliza, Jacinta, dhambi gani hii ya mtu mwingine isiyoisha?"

Akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema. "Mama, kwa nini hukuniuliza hata siku moja?"

"Nilisubiri uniambie. Mwaka wa kwanza kila jioni nilikuwa nasema, leo. Mwaka wa pili nikasema, akishakomaa. Halafu nikazoea."

"Mimi nilidhani hujui."

"Najua ulidhani hivyo."

Nikapiga magoti. Nikaweka paji la uso kwenye magoti yake, kwenye ile sketi inayonukia sabuni hata sasa ambapo hafulii mtu.

"Nyanyuka. Kuna lami hapo chini."

"Nisamehe."

"Nyanyuka kwanza. Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu ukiwa umeficha uso."

Nikanyanyuka.

"Siku zile nilipokuwa nazunguka kutafuta nguo za kufua, narudi na kapu tupu, wewe umekaa pale dirishani unaniona ninavyopanda mtaa. Ulikuwa unawaza nini?"

Ningeweza kudanganya. Mama yangu ana miaka sabini na mmoja, na uongo mdogo ungemtosha kulalia. Lakini alikuwa amenitazama moja kwa moja, na nilikuwa nimechoka kunyamaza.

"Nilikuwa namwaza yeye," nikasema. "Nilikuwa natazama nyuma yako kama tarishi anakuja na barua yake."

Akaitika kwa kichwa taratibu, mara mbili, tatu, kama mtu anayesikia jambo alilokuwa akilikisia.

"Asante," akasema.

Sijui kama kuna neno lililowahi kuniumiza kama asante ile.

"Nakwenda kwa Doña Remigia," nikasema. "Sasa hivi. Nitasema mlangoni kwake, wote wasikie."

"Utamwambia nini yeye? Anajua. Tangu siku ileile anajua, si umesikia? Unakwenda kumpa habari yake mwenyewe?"

"Basi niende kwa padre."

"Kaa chini."

Nikakaa. Mama akanyoosha mkono, akaiokota sarafu iliyokuwa peke yake. Akaigeuza upande wa komamanga, akaigeuza upande wa herufi. Mikono yake ina vidole vilivyopinda kwa maji baridi, na sarafu ilimponyoka mara moja ikagonga meza. Akaishika tena.

"Hii si yako," akasema. "Wala si ya yule kijana, wala si ya mama yake. Hii nimeilipia mimi."

Akaifunga kwenye pembe ya mtandio wake, akapiga fundo, akakaza kwa meno. Akajitupia mtandio begani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Wewe una kazi. Fanya kazi."

Akatoka. Nikamsikia akipanda mtaa, taratibu, akisimama kila baada ya hatua chache kupumua, maana mtaa wetu ni mkali na magoti yake si ya zamani. Kule juu mtaa unagawanyika. Kushoto ni kanisani. Kulia ni kwa akina Olascoaga.

Ningeweza kumfuata. Badala yake nikashika patasi, kwa sababu ndilo jambo ninalolijua. Nikaanza ganda la komamanga, kutoka kwenye taji kwenda chini, mkono ukifuata mstari wa penseli. Nikafika kwenye mpasuko. Nikachonga punje ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenye kuzitengeneza zile kumi na mbili, sonara aliyekufa kabla sijazaliwa, alikuwa akichonga punje kwa pigo moja tu kila moja, bila kurudia. Nilijitahidi nami nisirudie. Punje ya nane ilikwenda pembeni. Macho yalikuwa yamejaa maji, kisahani kikawa viwili.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaa ya upande wa pili niliposikia viatu mlangoni. Havikuwa vya mama.

Noelia alikuwa peke yake. Hakuwa na ile kofia. Alikuwa anahema kidogo, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumbwa.

"Dada Casilda, samahani. Nilikuwa nashuka kuja kukuomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Nimekutana na mama yako pale juu panapogawanyika."

"Yuko mzima?"

"Mzima. Alikuwa amesimama tu, kama anayechagua pa kwenda. Nikamsalimia, nikamwambia mimi siamini wanayoyasema. Akanitazama sana. Halafu akafungua mtandio akanipa hii."

Akafumbua ngumi.

"Nimemuuliza, mama, hii ni nini? Kakataa kusema. Kaniambia, 'Kamuulize Casilda. Mwambie nataka yeye ndiye aseme.'"

"Na sasa yuko wapi?"

"Hapo nje, ngazi ya pili. Tumeshuka wote nikimshika mkono. Kasema yeye hataingia, atasubiri."

Aliisogeza sarafu karibu na zile zilizokuwa juu ya taulo. Akazitazama, akaitazama. Ni msichana makini. Nilimwona analinganisha ukingo kwa ukingo.

"Ni ileile kabisa," akasema, na sauti yake ikashuka. "Hata ukingo wake umelika vilevile. Dada, hii si mpya." Kisha akakiona kisahani kwenye lami, na nusu ya komamanga juu yake. "Kama hii ndiyo uliyotengeneza, ile pale ni ya nini?"

Zilibaki siku mbili awe mke wa mtu. Nikisema, labda asiwe. Nikinyamaza, atazipokea zote kumi na tatu, na mama yangu atabaki mwizi kwa mara ya pili, safari hii mimi nikiwa ndiye niliyehukumu.

Nikaiweka patasi chini. Kazi ile isingemalizika tena kwa mwanga wa siku hiyo. Nikamvutia kiti alichokuwa amekalia mama.

Noelia akaketi, sarafu ikiwa wazi juu ya kiganja, macho kwangu. Kupitia mlango nilikuwa naona bega moja tu la mama yangu na pembe ya mtandio iliyobaki na mikunjo ya fundo. Alikuwa ametupa mgongo, kama asubuhi, lakini kichwa alikuwa amekiinamisha upande wetu.

"Leandro," nikasema, "alinipa..."

Jirani akaanza kugonga sinia. Noelia akainuka nusu, akasogeza kiti karibu yangu ili asikie.